Visukuku: Mawe Yanayosimulia Historia ya Ardhi Yetu

Katika vilima vya mawe ya chokaa vya Kaunti ya Mandera, kuelekea Rhamu na Mto Daua, mchungaji anaweza kuokota jiwe lenye umbo kamili la kombe la baharini. Lina mistari kama ya kombe, limejikunja kama kombe, lakini ni zito na gumu kama jiwe lingine lolote. Kutoka hapo hadi ufuo wa Bahari Hindi ulio karibu zaidi ni zaidi ya kilomita 400. Kombe hilo halikubebwa na mtu wala maji ya mafuriko. Limekuwa hapo tangu mahali hapo palipokuwa chini ya bahari.

Jiwe kama hilo huitwa kisukuku. Makala haya yanaeleza visukuku ni nini, vinasema nini kuhusu dinosaria na viumbe wengine wa kale, vinahusiana vipi na maji na wanyama wa Kaskazini Mashariki, na mkazi afanye nini akikutana navyo.

KISUKUKU HUTOKEA VIPI

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, ambayo imehifadhiwa ndani ya mwamba. Inaweza kuwa mfupa, jino, ganda, jani, yai, unyayo au hata kinyesi kilichogeuka jiwe.

Wanyama wengi wakifa hawaachi kisukuku. Fisi na tai hula nyama, jua hupasua mifupa, na baada ya miaka michache hakuna kinachobaki. Kila mfugaji aliyepoteza mifugo wakati wa ukame ameona jambo hili kwa macho yake. Ili mfupa udumu, sharti ufunikwe haraka na tope, mchanga au majivu ya volkano kabla ya kuoza. Kisha tabaka juu ya tabaka hurundikana na kugandamana kuwa mwamba. Maji ya chini ya ardhi hupenya ndani ya mfupa yakiwa yamebeba madini, na madini hayo hujaza vitundu vidogo vya mfupa polepole. Mwishowe umbo linabaki la mfupa, lakini uzito na ugumu ni wa jiwe.

Ndiyo sababu visukuku vingi hupatikana mahali palipokuwa na mto, ziwa au bahari. Na ndiyo sababu huonekana zaidi katika nchi kavu zisizo na msitu mnene. Mvua kubwa ya mara moja na upepo humomonyoa ardhi, na kilichofichwa kinajitokeza kando ya laga au kwenye mteremko.

HATUA MOJA, MIAKA MILIONI MOJA

Miaka inayotajwa katika elimu hii ni mingi kiasi cha kuchanganya. Njia rahisi ni kufikiria mtu anayetembea kurudi nyuma, na kila hatua yake ni miaka milioni moja.

Kabla hajamaliza theluthi moja ya hatua ya kwanza, amewapita binadamu wote wa aina yetu, kwa kuwa mabaki ya kale zaidi yanayojulikana ya binadamu wa aina hii yana takriban miaka 300,000. Baada ya hatua moja na nusu anamfikia Mvulana wa Turkana, kiunzi cha kijana wa jamii ya kale ya binadamu kilichopatikana Nariokotome mwaka 1984. Akifika hatua ya 66, anakutana na dinosaria wa mwisho. Hatua ya 150, anawakuta dinosaria wakubwa wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Hakuna binadamu aliyewahi kumwona dinosaria akitembea. Kati ya dinosaria wa mwisho na watu wa kwanza kuna pengo la zaidi ya hatua 60.

Umri huo haukisiwi tu. Majivu ya volkano yana madini ambayo hubadilika kwa kasi isiyobadilika, kama saa. Wataalamu wakipima kiasi kilichobadilika, wanajua majivu yalianguka lini. Kisukuku kilicho kati ya tabaka mbili za majivu kina umri ulio kati ya umri wa tabaka hizo mbili. Pasipo na majivu, viumbe vyenyewe husaidia. Amoniti, kwa mfano, walikuwa wanyama wa baharini wenye ganda lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Maumbo yao yalibadilika haraka kutoka kipindi kimoja hadi kingine, kwa hiyo mtaalamu akiona aina ya amoniti anaweza kutaja kipindi cha mwamba huo.

BAHARI ILIYOFUNIKA MANDERA

Wanajiolojia wa serikali walipopima na kuchora ramani ya miamba ya Wajir na Mandera katika miaka ya 1950, waliandika kuhusu safu nene za mawe ya chokaa zenye makombe na amoniti wa kipindi kiitwacho Jurasiki, yapata miaka milioni 200 hadi 145 iliyopita. Viumbe hivi viliishi baharini tu. Amoniti wa kipindi hichohicho hupatikana pia katika miamba ya Mombasa.

Sababu ni hii. Zamani hizo Afrika haikuwa peke yake. Ilishikana na Madagaska, India, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika kuwa bara moja kubwa. Madagaska ilikuwa imeegemea sehemu ambayo leo ni pwani ya Kenya na Somalia. Bara hilo lilipoanza kupasuka, ardhi ya upande huu ilididimia na bahari ikaingia ndani, ikafunika Mandera na maeneo jirani ya Ethiopia na Somalia. Makombe yaliyokufa yalirundikana chini ya maji kwa mamilioni ya miaka, na mrundikano huo ndio chokaa inayoonekana leo.

Si kila chokaa ya Kaskazini Mashariki ni ya bahari hiyo. Chokaa ambamo visima vifupi vya mji wa Wajir vimechimbwa ni changa zaidi. Na katika Kaunti ya Garissa sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na mchanga na udongo wa miaka ya karibuni zaidi, ukiwemo ule ulioletwa na Mto Tana. Miamba ya zama za dinosaria iko chini sana, mahali ambapo mitambo pekee ndiyo hufika. Hivyo mkazi wa Garissa asishangae kwamba haoni mifupa ya dinosaria shambani mwake. Kinachoweza kujitokeza kwake ni mabaki ya nyakati za karibu zaidi: meno ya wanyama wakubwa, makombe ya maji baridi, au zana za mawe za watu wa kale.

DINOSARIA WA AFRIKA MASHARIKI

Mahali maarufu zaidi kwa dinosaria katika Afrika Mashariki ni kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alioneshwa mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi. Kati ya 1909 na 1913 Makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji huko. Mamia ya vibarua wa Kiafrika walichimba, wakafunga mifupa, na kuibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Shehena ilizidi tani 200. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kutambua na kuitoa mifupa bila kuivunja uliwashangaza wageni. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Kutoka Tendaguru alitoka Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu. Kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Twiga wa hifadhi ya Bour-Algi, karibu na mji wa Garissa, hafiki hata nusu ya kimo hicho. Alitoka pia Kentrosaurus, mnyama mdogo zaidi mwenye mabamba na miiba mgongoni na mkiani. Katika Tendaguru tabaka zenye mifupa hupishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Dinosaria hao waliishi kando ya pwani ya kale, karibu na wakati uleule bahari ilipokuwa imefunika Mandera.

Tanzania imetoa wengine. Mwaka 2004 mifupa ilionekana kwenye ukingo wa mto Mtuka, katika bonde la Rukwa. Mwaka 2019 wanasayansi walimpa mnyama huyo jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili atalielewa: Mnyamawamtuka moyowamkia. Ni mnyama wa Mtuka, na moyo wa mkia, kwa kuwa baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo.

Kenya nayo ina dinosaria wake. Katika milima ya Lapurr, kaskazini magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wenzao kutoka Marekani wamekusanya mifupa ya wala majani wakubwa na ya wala nyama walioishi kuelekea mwisho wa zama za dinosaria.

MIFUPA INASEMA NINI

Mfupa mmoja unaweza kujibu maswali mengi ukijua namna ya kuuliza.

Meno husema chakula. Meno bapa ya kuchuna majani ni ya mla majani. Meno yaliyochongoka na yenye makali kama msumeno ni ya mla nyama. Mfugaji hutumia elimu hiyohiyo anapofungua kinywa cha ng'ombe au ngamia kutazama umri wake.

Mfupa wa mguu ukikatwa huonesha pete za ukuaji, kama pete za shina la mti. Pete hizo zimeonesha kwamba dinosaria wakubwa walikua kwa kasi wakiwa wadogo. Nyayo zilizoganda husema mnyama alitembea kwa miguu miwili au minne, na kama alikwenda peke yake au katika kundi. Mayai na viota vilivyopatikana sehemu mbalimbali za dunia vimeonesha kwamba dinosaria walitaga.

Wakati mwingine jibu hukaa miaka mingi likisubiri mtu wa kuuliza. Taya kubwa lenye meno ya kutisha lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, likahifadhiwa katika droo ya Makavazi jijini Nairobi. Lilikuja kuelezwa rasmi mwaka 2019. Mnyama huyo, aliyeishi miaka milioni 22 iliyopita na kuzidi simba wa leo kwa mbali, aliitwa Simbakubwa kutokaafrika, ingawa hakuwa wa jamii ya simba. Lau taya hilo lingetupwa au kuuzwa, Kenya isingejua kwamba mnyama huyo aliwahi kuwepo.

MWISHO WAO, NA MBUNI WA KWETU

Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kutoka angani, lenye upana wa takriban kilomita 10, liligonga eneo ambalo leo ni Mexico. Vumbi na moshi vilizuia jua, mimea ikafa, na minyororo ya chakula ikakatika. Dinosaria wakubwa waliangamia, na amoniti wa baharini pia.

Lakini si dinosaria wote walioisha. Visukuku, hasa vya kutoka China vyenye alama za manyoya, vimeonesha kwamba ndege ni uzao wa dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili. Mbuni mwenye shingo ya rangi ya samawati, ambaye Wasomali humwita gorayo, na kanga anayekimbia vichakani ni wazao wa ukoo huo. Miguu ya kanga yenye magamba na vidole vitatu vinavyoelekea mbele hufanana sana na nyayo za dinosaria zilizoganda kwenye miamba.

ARAWLA: UKOO ULIOBAKI NA MNYAMA MMOJA

Somo la kutoweka haliko mbali. Liko Ijara.

Hirola, au arawla kwa Kisomali, ni swala mwenye rangi ya mchanga na alama nyeupe kati ya macho inayofanana na miwani. Anaishi porini karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, na kwa sehemu kubwa ni mnyama wa Garissa. Visukuku vilivyopatikana Olduvai, Tanzania, vinaonesha kwamba zamani alikuwepo ndugu yake mkubwa zaidi kwa umbo. Ukoo huo ulienea mbali kuliko leo. Wengine wote wametoweka, na hirola ndiye pekee aliyebaki katika jenasi yake.

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1980, ukame, ujangili na kupungua kwa nyasi viliwamaliza. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Jamii ya Ishaqbini ilitenga ardhi yake kuwa hifadhi, na tangu 2012 kuna sehemu iliyozungushiwa uzio ili hirola wazaane bila kushambuliwa na simba, chui na mbwa mwitu. Hirola wakiisha, dunia itakuwa imepoteza tawi zima la wanyama, na kitakachobaki ni mifupa. Tofauti na dinosaria, hapa hakuna jiwe kutoka angani la kulaumiwa.

VISUKUKU NA MAJI

Elimu hii inagusa pia mtungi wa maji. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za mafuta zilichimba visima virefu vya utafiti Kaskazini Mashariki. Katika kazi kama hiyo, vipande vya mwamba vinavyotoka chini hutazamwa kwa hadubini kutafuta visukuku vidogo mno: maganda ya viumbe wa baharini na chavua za mimea ya kale. Hivyo hujulikana kama tabaka fulani lilikuwa bahari, ziwa au mto.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayetafuta maji. Mchanga wa mito ya kale huhifadhi maji vizuri, huku udongo mzito wa mfinyanzi ukiyazuia. Hazina ya maji ya Merti, inayotoka upande wa Isiolo, kupita Habaswein hadi Dadaab na Liboi, imo ndani ya tabaka zilizowekwa na maji ya kale. Maelfu ya watu na mifugo hunywa leo kutokana na mito ambayo haionekani tena juu ya ardhi.

WANAOGUNDUA NI WENYEJI

Visukuku vingi mashuhuri vya Kenya vimeonwa kwanza na watu wanaoijua ardhi kwa kuitembea. Kamoya Kimeu alianza kazi akiwa kibarua wa kuchimba katika miaka ya 1960. Baadaye aliongoza kikosi cha watafutaji, na ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kilichowafikisha kwa Mvulana wa Turkana. Mwaka 2014, huko Napudet, Turkana, John Ekusi aliona fuvu la nyani wa kale wa miaka milioni 13, ambalo baadaye lilipewa jina la Alesi.

Mchungaji wa Garissa, Wajir au Mandera huyaona mawe mengi kwa mwezi kuliko mtafiti kwa mwaka mzima. Akijua anachokiona, jina la kaunti yake linaweza kuingia katika vitabu vya dunia.

SHERIA INASEMAJE, NA UFANYE NINI

Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, visukuku vilivyo ardhini ni mali ya umma. Kuvichimba kwa utafiti kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayegundua kitu cha aina hiyo anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba.

Ukikutana na jiwe linalofanana na mfupa, jino, kombe au unyayo:

1. Liache mahali lilipo. Kisukuku kikiondolewa kwenye tabaka lake, umri wake haujulikani tena kwa urahisi.
2. Usilivunje kutazama ndani, usilioshe wala usilipake kitu.
3. Lipige picha ukiweka kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane.
4. Tia alama mahali hapo, au rekodi eneo kwa simu. Usilitangaze mitandaoni kabla ya wataalamu kufika.
5. Mwarifu chifu, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu au msimamizi wa wadi, ili taarifa ifikishwe kwa Makavazi.
6. Usimuuzie mtu yeyote. Anayenunua kwa siri hulipa kidogo na kuondoka na historia ya eneo zima.

Wachimbaji wa mawe na mchanga, wajenzi wa barabara na wanaochimba mabwawa wana wajibu zaidi, maana tingatinga huweza kusaga kwa dakika moja kilichodumu kwa mamilioni ya miaka. Mfupa usio wa kawaida ukitokea, kazi isimamishwe mahali hapo na taarifa itolewe. Kusimama kwa siku chache hakupotezi mradi, lakini kisukuku kilichosagwa hakirudi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA SHULENI

1. Kwa nini makombe ya baharini hupatikana Mandera, mbali na bahari?
2. Kwa nini mifupa ya dinosaria haionekani kwa urahisi juu ya ardhi ya Garissa?
3. Taja mambo matatu ambayo jino, mfupa na unyayo vinaweza kutuambia.
4. Ni nini kinachofananisha hirola wa leo na wanyama waliotoweka, na ni nini wakazi wanaweza kufanya ili mwisho uwe tofauti?
5. Je, kuna mahali katika wadi yenu ambapo wazee husema mawe yake ni ya ajabu? Waulizeni, na andikeni wanachosema.